Protini Bora na Nyuzinyuzi kwa Mazao ya Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Kupanga Chakula cha Kaya

Ukitazama kinachovunwa Mtwara na Lindi kwa mwaka mzima, utaona kwamba upungufu wa protini hauanzii shambani. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta na korosho vyote hustawi huku, bahari ipo kuanzia Kilwa hadi Msimbati, na kuku wa kienyeji wanachakura karibu kila uani. Hata hivyo, kinachojaza sahani katika nyumba nyingi ni muhogo, mahindi au wali, ilhali ufuta, mbaazi na korosho husafirishwa hadi ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Mwongozo huu ni wa mtu anayepanga chakula cha kaya, na hoja yake ni kwamba mazao hayo tunayoyauza ndiyo yanayoziba pengo linaloachwa na muhogo na mahindi, kwa protini na kwa nyuzinyuzi pia. Kwa hiyo kiasi cha kubaki nyumbani kinapaswa kuhesabiwa kabla mzigo haujapandishwa kwenye mizani.

Kwanza, ubora wa protini ni kitu gani

Protini tunayokula humeng'enywa na kuwa asidi amino, na mwili hutumia aina 20 za asidi hizo kujenga misuli, damu, vimeng'enya na chembe za kinga. Aina 9 mwili hauwezi kujitengenezea kwa kiasi kinachotosha, kwa hiyo lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Moja ikiwa haba, ujenzi wote husimama pale ilipoishia, na zile zilizobaki huunguzwa kama nishati huku naitrojeni yake ikitoka na mkojo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula gramu sawa za protini na mmoja akafaidika zaidi ya mwenzake.

Njia ya kupima ubora huo iliyochapishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na ya afya (WHO) mwaka 1991 hutafuta asidi amino iliyo haba kuliko zote katika chakula, huilinganisha na mahitaji ya binadamu, kisha huzidisha kwa kiwango ambacho protini hiyo humeng'enywa. Mwaka 2013 FAO ilichapisha ripoti iliyopendekeza njia mpya, inayopima umeng'enyaji wa kila asidi amino peke yake, tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwa sababu protini inayofika utumbo mpana haimnufaishi tena mlaji bali bakteria waliomo humo. Mpishi wa Nachingwea au Tandahimba hahitaji kukokotoa alama hizo. Anachohitaji ni kuzifahamu asidi mbili zinazoamua mambo katika vyakula vyetu: lisini kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine methionini pamoja na mwenzake sisteini, ambazo zote mbili hubeba salfa.

Nafaka zina lisini kidogo. Kila gramu ya protini ya mahindi ina takriban miligramu 28 za lisini, na ya mtama ina karibu 20 tu, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 45 katika kila gramu ya protini anayokula. Mbaazi zina kama 70, na kunde hazipishani nazo sana. Kwa upande wa asidi zenye salfa, mbaazi zina takriban miligramu 23 kwa kila gramu ya protini, kiasi ambacho kinamtosha kwa shida mtu mzima anayehitaji 22 na hakimtoshi mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayehitaji 26. Ufuta una lisini chache, kama 32, lakini asidi zenye salfa hufikia karibu 53. Korosho ina takriban 51 za lisini na 41 za asidi zenye salfa, yaani inavuka vipimo vyote viwili vya mtu mzima bila msaada wa chakula kingine, jambo ambalo nadhani wakulima wengi wa korosho hawajawahi kuambiwa.

Hatua ya 1: Hesabu mahitaji ya kila mtu nyumbani

Kiwango salama kwa mtu mzima ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 50. Kiwango hicho, hata hivyo, kinadhani kwamba protini ni bora na humeng'enywa vizuri, kama ya mayai, samaki au maziwa, ambayo zaidi ya asilimia 90 yake hufyonzwa. Protini ya mikunde iliyopikwa na nafaka zisizokobolewa humeng'enywa kwa asilimia 75 hadi 85 hivi, kwa hiyo anayetegemea mimea zaidi na aongeze takriban robo, na lengo lake liwe gramu 60 na ushee.

Mjamzito huongeza takriban gramu 9 au 10 kwa siku katika miezi mitatu ya katikati, na kama gramu 31 katika miezi mitatu ya mwisho. Anayenyonyesha huongeza karibu gramu 19 katika miezi sita ya kwanza. Kwa wazee, wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu misuli yao haiitikii protini kama ya kijana, ingawa nyumbani kwetu bibi ndiye mara nyingi anayebakiziwa uji mtupu kwa kisingizio kwamba hana meno. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi kabla ya kumwona daktari.

Hatua ya 2: Pima unachokula sasa

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua siku moja ya kawaida na upime vyakula vikiwa vikavu, kabla ya kupikwa, kwa mizani ya jikoni au kwa kikombe cha robo lita kinachobeba takriban gramu 200 za mikunde mikavu. Kisha tumia makadirio haya ya protini katika gramu 100: unga wa muhogo gramu 1.5 hivi, mchele 7, mahindi 8 hadi 9, ufuta na korosho 18, njugu mawe 18 hadi 20, mbaazi 22, kunde na choroko 24, karanga 25. Samaki mbichi ana 18 hadi 20, pweza karibu 15, na dagaa wakavu huvuka 50 kwa sababu maji yameondoka. Yai moja lina kama gramu 6.

Hesabu hii hufichua jambo ambalo macho hayalioni. Mtu anayekula gramu 400 za unga wa muhogo kwa siku, katika milo miwili, hupata gramu 6 tu za protini kutoka humo. Angekula mahindi kiasi hicho hicho angepata 34. Ndiyo kusema kwamba kwa mla mahindi tatizo kubwa ni ubora, yaani lisini, lakini kwa mla muhogo tatizo ni kiasi kwanza na ubora baadaye. Tiba ya kaya mbili hizo haifanani, na mawaidha ya lishe yanayotolewa kwa nchi nzima kwa mpigo mmoja mara nyingi huwasahau watu wa muhogo. Yaliyosemwa hapa juu ya muhogo yanahusu pia ming'oko inapokuwa ndiyo mlo wa siku, maana viazi mwitu hivyo navyo ni wanga kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 3: Oanisha vyakula

Kwa mla mahindi, uwiano ni rahisi kukumbuka. Gramu 200 za unga wa dona zina takriban gramu 17 za protini na miligramu 476 za lisini. Ukizila na mbaazi kavu gramu 60, yaani kama theluthi ya kikombe kabla ya kupika, unaongeza gramu 13 za protini na miligramu 910 za lisini. Jumla ni gramu 30 zenye miligramu 1,386, sawa na 46 kwa kila gramu, na kipimo cha 45 kimefikiwa. Mbaazi pungufu ya hapo huacha sehemu ya protini ya mahindi ikipotea bure, ilhali mbaazi zaidi si hasara.

Kwa mla muhogo, mikunde na samaki ndio wanaobeba mzigo wote, na muhogo unabaki kuwa chanzo cha nguvu tu. Siku ya mtu wa kilo 60 inaweza kupangwa hivi: unga wa muhogo gramu 400 unaoleta 6, mbaazi kavu gramu 100, yaani nusu kikombe, zinazoleta 22, vijiko viwili vya chakula vya ufuta vinavyoleta 3.5, korosho kiganja kimoja cha gramu 30 zinazoleta 5.5, na konzi kubwa ya dagaa mchele wakavu, gramu 30, wanaoleta kama 16. Hapo umefika gramu 53, na bakuli la kisamvu kilichotiwa karanga linakaribia kuimaliza safari. Ufuta unaonekana mdogo katika hesabu hiyo, lakini kazi yake si wingi. Mbaazi peke yake zina miligramu 23 za asidi zenye salfa kwa gramu ya protini, na vijiko viwili vya ufuta hupandisha mchanganyiko huo wa mbaazi na ufuta hadi 27.

Si lazima vyakula vinavyokamilishana viwe kwenye sahani moja. Mtu mzima akila ugali wa dona mchana na mbaazi usiku, mwili utapatanisha hesabu ndani ya siku hiyo. Kwa mtoto mdogo, ambaye akiba yake mwilini ni ndogo, ni vyema zikawa pamoja.

Ufuta unahitaji maandalizi kidogo, kwa sababu punje nzima hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Pepeta, kisha uoshe katika beseni la maji mengi ili mchanga uzame na punje uzichote kwa chujio, uanike hadi ukauke, halafu ukaange bila mafuta kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Punje zinapoanza kurukaruka na harufu kupanda, ipua papo hapo, ingawa rangi itakuwa haijabadilika sana. Ukingoja hadi ziwe za kahawia nzito utakuwa umeunguza sehemu ya lisini, ambayo hushikamana na sukari kwenye joto kali na mwili hauwezi tena kuitumia. Twanga kinuni hadi utoe mafuta, na utie kwenye mchuzi dakika chache kabla ya kuipua.

Hatua ya 4: Andaa mikunde ili imeng'enywe

Mikunde mikavu ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni, na vizuizi hivyo huharibiwa na joto la kuchemsha, na ina fitati, ambayo hushika chuma na zinki na haiondoki kwa urahisi kwa kuchemsha pekee. Loweka mbaazi au kunde usiku kucha, mwaga maji hayo, osha, kisha chemsha kwa maji mapya hadi zivunjike kwa kubanwa na vidole viwili. Mbaazi zilizoiva nusu, zile zinazogonga meno, si suala la ladha tu. Protini yake humeng'enywa kwa shida na ndizo zinazojaza tumbo gesi.

Magadi hulainisha mbaazi upesi, lakini huharibu vitamini B1, na kwa maoni yangu mtu aliyeloweka usiku kucha hana sababu ya kuyatia. Kuziotesha ni bora zaidi kwa choroko: loweka usiku, mwaga maji, zifunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu siku moja hadi mbili huku ukizisuuza asubuhi na jioni, na mara mkia mdogo utokezapo pika. Kuota hupunguza fitati. Tui la nazi liingie mwishoni, baada ya mbaazi kuiva. Kamulia ndimu au kula embe pamoja na mlo, maana vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa, na chai ya rangi ingoje saa moja au mbili baada ya kula, kwa kuwa tanini zake hukizuia.

Hatua ya 5: Ondoa sumu ya muhogo, kwa sababu inakula protini yako

Hatua hii inawahusu hasa wanaokula muhogo mchungu. Muhogo una linamarini, ambayo seli za muhogo zikivunjika hutoa sianidi. Mwili una njia ya kuiondoa: huunganisha sianidi na salfa, ikawa thayosianati, na kuitoa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye methionini na sisteini, zile zile ambazo mla muhogo anazo chache kuliko mtu yeyote. Kila sahani ya ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri, basi, hutumia asidi amino ambazo zingejenga mwili. Pale ambapo sianidi ni nyingi na chakula chenye salfa ni haba kwa wiki kadhaa mfululizo, hutokea konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wagonjwa wa konzo waliripotiwa kusini mwa Tanzania, Mtwara ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haya si mambo ya vitabuni.

Njia ya kwanza ni kumenya mizizi na kuilowesha majini siku tatu au nne hadi ilainike, kisha kuianika. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu, bila kuloweshwa, hubaki na sianidi nyingi zaidi, na miaka ya ukame huzidi, kwa sababu muhogo wenye kiu hutengeneza sumu zaidi na watu wenye njaa hufupisha maandalizi.

Njia ya pili humfaa aliyenunua unga sokoni asijue ulivyotengenezwa, na inafanyika siku ile ile ya kupika. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, na utie alama ndani ya bakuli mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Utaona unga ukishuka chini ya alama, kisha ukipanda tena kadiri maji yanavyozidi, na ukirudi kwenye alama acha kuongeza maji. Utandaze mchanganyiko huo kwenye mkeka safi au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, mahali penye hewa, ili gesi ya sianidi iondoke. Songa ugali siku hiyo hiyo, kwa sababu unga uliolowa hauhifadhiki.

Kisamvu nacho kinapaswa kutwangwa kikasagika, si kukatwakatwa, na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi mwanzoni. Kutwanga ndiko kunakovunja seli, na mvuke ndio unaobeba sumu.

Hatua ya 6: Ongeza nyuzinyuzi bila kuumiza tumbo

Nyuzinyuzi ni sehemu ya wanga wa mimea ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuivunja. WHO ilipendekeza mwaka 2023 kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe, mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale 15, wa 6 hadi 9 ale 21, na kuanzia miaka 10 kipimo kiwe cha mtu mzima. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ndio walioushawishi ulimwengu katika miaka ya 1970 kwamba magonjwa mengi ya Ulaya yalikuwa machache Afrika Mashariki kwa sababu ya chakula kisichokobolewa. Inashangaza kidogo kwamba tangu hapo sisi ndio tunaokimbilia sembe.

Kazi zake ni za aina tatu. Nyuzinyuzi zinazoteleza, kama za bamia na mlenda, hufanya chakula kiwe kizito tumboni, sukari ikaingia kwenye damu polepole na baadhi ya lehemu ikatoka na choo. Zile ngumu, kama pumba za mahindi na maganda ya mbaazi, hushika maji na kusukuma choo. Aina ya tatu ni wanga sugu, ambao huongezeka ugali, wali au muhogo uliopikwa unapopoa, kwa hiyo kiporo kina zaidi ya ugali wa moto. Kiporo hicho kihifadhiwe mahali pa baridi na kiliwe upesi, hasa wali, ambao bakteria wake wanastahimili kupashwa moto. Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na wanga sugu huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, wakatoa asidi ziitwazo asetati, propionati na butirati, na butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo huo.

Mikunde ndiyo inayounganisha nusu mbili za mwongozo huu. Gramu 100 za mbaazi kavu, zile zile zilizokupa protini gramu 22, zina nyuzinyuzi gramu 15. Ongeza dona gramu 200 zenye kama 14, vijiko viwili vya ufuta vyenye 2, na pera moja kubwa lenye 5, na tayari umevuka gramu 35 kabla hujahesabu mboga za majani. Anayekula sembe, wali mweupe na nyama, bila mikunde, hupata shida kufika hata 15. Kubadili sembe kuwa dona kuna faida ya ziada, kwa sababu kiini cha punje ya mahindi kinachotupwa kinuni ndicho chenye protini bora kuliko sehemu nyingine ya punje. Kasoro ya dona ni kwamba huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini hicho, basi sagisha ya wiki mbili, si ya miezi mitatu.

Ongeza polepole. Aliyezoea sembe aanze na mbaazi robo kikombe mara tatu kwa wiki, aongeze kila wiki, na anywe maji ya kutosha. Nyuzinyuzi nyingi bila maji huleta kufunga choo badala ya kukiondoa.

Hatua ya 7: Mrekebishie mtoto

Yanayomfaa mtu mzima yanaweza kumnyima mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji mzito wa pumba nyingi humshibisha kabla hajapata nguvu wala protini ya kutosha. Kuanzia miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, mpe uji uliokorogwa na karanga au ufuta uliosagwa, yai lililopondwa, au samaki aliyetolewa miba yote. Dagaa mchele waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa kuwa unga, wanafaa sana. Kijiko kimoja cha unga huo hubadili ubora wa bakuli zima. Karanga na korosho nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa hatari ya kupaliwa.

Nina neno juu ya unga wa lishe unaouzwa na kusagwa kila mahali, wenye mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, soya, karanga na vingine. Kuchanganya nafaka tano hakuongezi lisini, kwa sababu zote zina upungufu ule ule. Tena karanga zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake huchacha na unga huvunda haraka, na karanga zilizoota ukungu huwa na sumu ya aflatoksini isiyoondoka kwa kupika. Nafaka moja inatosha. Chukua sehemu 2 za mahindi kwa sehemu 1 ya choroko zilizotolewa maganda na kukaangwa kidogo, saga, na karanga au ufuta uliosagwa upya uwekwe kwenye sufuria siku ya kupika, baada ya kuchagua na kutupa kila punje iliyosinyaa au yenye rangi isiyo ya kawaida.

Hatua ya 8: Weka akiba kabla ya mnada

Kaya ya watu watano, wakubwa na wadogo, ikila mikunde mikavu gramu 300 kwa siku kwa jumla, hutumia takriban kilo 110 kwa mwaka, yaani gunia moja na kidogo. Ufuta gramu 60 kwa siku ni kilo 22. Korosho zilizobanguliwa gramu 100 kwa siku ni kilo 36 na nusu, na hapa naelewa kwamba wengi watasita, kwa kuwa ndizo zenye bei. Anayeona ni nyingi anaweza kupunguza korosho na kuongeza karanga, au kununua zilizovunjika, ambazo wanunuzi wakubwa huzishusha bei kwa sababu ya sura tu wakati protini yake ni ile ile. Kwenye mikunde na ufuta nisingeshauri kupunguza.

Atakayesema kwamba hawezi kula fedha yake na akumbuke mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo na bei ikaporomoka kusini mwote. Ununuzi wa chakula mwezi Januari au Februari, mikunde ikiwa adimu, humgharimu mkulima zaidi ya kile alichokipata alipoiuza mwezi Agosti, na katikati ya miezi hiyo ndipo sahani inaporudi kuwa ya muhogo mtupu.

Gawa akiba hiyo siku ya kupeta, kabla mzigo wa kuuza haujafungwa. Mbaazi na kunde zikauke hadi ziking'atwa zivunjike kwa mlio, kisha zitiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ijazwe, hewa ikandamizwe itoke, na kila tabaka lifungwe peke yake. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa oksijeni, na dawa haihitajiki. Usifungue mfuko kabla ya wiki kadhaa kupita, na ukifungua mmoja umalize kabla ya kugusa mwingine. Ufuta uhifadhiwe ukiwa mbichi na mzima mahali pakavu, kwa sababu punje nzima hulinda mafuta yake, na ukaange na kutwanga wa siku mbili au tatu tu kwa wakati mmoja.